Aksanti, Mbe

Sijawahi kuwapenda waigizaji wa redio wanaojifanya wageni. Mhindi wao lazima aseme "veve taka nini," Mzungu wao huongea kama mtu aliyeng'ata kiazi cha moto, na Mnaijeria wao hupiga kelele tangu mwanzo mpaka mwisho, basi. Bibi yangu mzaa baba alizaliwa Gujarati akazikwa hapa Moshi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba wauza ndizi wa soko la Mbuyuni walikuwa wakimwogopa. Kwa hiyo ukiniambia mwigizaji fulani anapatia lafudhi ya nchi fulani, nitakuuliza kwanza nani amethibitisha.

Ndiyo maana alasiri ile sikujali kitu redio ilipoanza mchezo wake wa saa kumi. Nilikuwa nageuza kola ya shati iliyochakaa. Pembeni yangu Papa Bisimwa alikuwa anashona sare za shule, mguu wake ukienda mbio kwenye cherehani, na ghafla ule mguu ukasimama. Mtu uliyeshona naye baraza moja miaka na miaka unamjua kwa mguu. Nikageuka. Mkono wake ulikuwa umebaki hewani.

"Mama Swale," akasema, "nyamaza."

"Sijasema kitu."

"Nyamaza vile vile."

Kwenye mchezo alikuwa ameingia mtu mpya, muuza vitenge anayeitwa Papa Zozo, anaomba chumba kwenye nyumba ya kupanga. "Jambo yenu, batu ya hapa," alikuwa anasema. "Niko natafuta fasi ya kulala. Miye ni mutu wa Bukavu, lakini musiogope, franka niko nayo." Wapangaji wa kwenye redio wakamcheka. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri nguo zao nao wakacheka. Papa Bisimwa machozi yalikuwa yanamtoka, mzee mzima, wala hakujificha.

"Uyu ni mutu ya kwetu," akasema. "Si wa Goma. Si wa Uvira. Uyu ni wa Kadutu, Mama Swale. Mutaa yetu!"

Niseme kidogo habari zake. Papa Bisimwa alikuja huku wakati wa vita ya kwao, kijana, na futi yake ya kupimia nguo shingoni. Mapadri wa Kilema, kule mlimani kwa Wachaga, walimpokea, akawa anawashonea kanzu za misa na nguo za kwaya, akapewa chumba kwenye familia moja huko juu. Baadaye akateremka mjini, tukapanga baraza hii pamoja. Hakuoa. Mtaa umeshatuoza sisi wawili mara nyingi, na kila mara nimewaambia walete mahari kwanza. Kuhusu ndugu zake nilimwuliza mara moja tu, nikaona sindano imemwingia kidoleni, nikaacha.

Wakongo wako wengi nchini, Kigoma na Dar wamejaa, lakini Moshi haikuwa njia yao. Waliowahi kupita hapa walikuwa wanamuziki wa Kilingala ambao hawakuwa na habari naye. Kwa hiyo Papa Bisimwa alibaki Mkongo wa mji, yule mmoja. Watu walileta suruali ya kupunguzwa ili tu wamsikie. "Papa, hebu sema watoto." Naye atasema batoto, watacheka, watamlipa, wataondoka. Yeye hucheka nao. Halafu hurudi kwenye cherehani, na kicheko huwa kimeshaondoka usoni kabla hajakaa.

Na alikuwa na neno lake. Watu wa Kilema wakimshukuru mwanamume husema aika mbe, na wakimshukuru mwanamke husema aika mae. Hilo hata sisi Waislamu wa mjini tunalijua, maana tunauziana nao ndizi kila siku. Papa Bisimwa yeye alikuwa anamwambia kila mtu mbe. Mzee, mama, msichana, paroko, wote mbe. Nikimpa chai: "Aksanti, mbe." Wanawake wa Kichaga walikuwa wanajishika mbavu. Mimi niliitwa mwanamume kwenye baraza ile kwa zaidi ya miaka ishirini na nilikuwa nimeshazoea.

Baada ya siku ile ya Papa Zozo, mwenzangu alikuwa mtu mwingine. Ikifika saa tisa unusu anaanza kuangalia betri za redio. Mchezo ukianza anaongea nao. Papa Zozo akisema ana njaa ya sombe, kile kisamvu cha kwao, yeye anajibu, "Na miye!" Papa Zozo akidhulumiwa na mpangaji mwenzake, yeye anatupa mkasi mezani. Siku moja mchezo ulipokwisha mtangazaji alisema sauti ya Papa Zozo ni ya Primus, na hapo Papa Bisimwa akasimama kabisa.

"Primus! Umesikia? Kwetu ilo ni jina ya bia!"

"Hata Kilema kuna akina Primus wengi," nikamwambia. "Wakatoliki wa huko ndiyo majina yao."

"Haiko Primus ya Kilema hii. Sikia vile anavuta maneno."

Akaanza kumshonea shati. Kitambaa alichokuwa amekiweka siku nyingi, cha rangi ya kahawa mbichi, hakukubali kumuuzia mtu. Alishona kwa mkono zile sehemu ambazo mafundi wote tunapitisha mashine. Nilimtania kwamba hata mimi sijawahi kushonewa hivyo. Hakucheka. Akaweka sindano chini, akaniambia jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafsi inanywea.

"Mama Swale, siku nitakufa, batu ya hapa batanizika muzuri, najua. Batasema fundi Mukongo amekufa, pole. Lakini nani atasema jina yangu vile mama yangu alikuwa anasema? Nataka mutu mumoja tu. Asimame pale, aniite, aniambie kwenda salama na luga ya nyumbani. Mumoja tu."

Mimi nina mwanangu Swaleh, nina wajukuu, nina msikiti mzima wa kunisomea. Nikaendelea kugeuza kola ambayo ilikuwa imeshageuzwa.

Sasa, wiki iliyofuata, mama mwenye nyumba kwenye mchezo akampa Papa Zozo kikombe cha uji. Papa Zozo akasema, "Aksanti, mbe."

Mkasi ulisimama mkononi mwangu. Aksanti ni ya Kongo, sawa. Mbe ni ya Kilema. Kumwambia mwanamke mbe si ya Kongo wala si ya Kilema. Duniani kuna kinywa kimoja tu kinachofanya hivyo, na kilikuwa kimekaa hatua tatu kutoka kwangu, kinatabasamu.

Mimi si mtu wa kuweka jambo moyoni likachacha. Nikamwambia pale pale. "Papa, huyu si mtu wa kwenu. Huyu anakuigiza wewe. Hiyo mbe kaitoa kwako."

Uso wake ukafunga. "Mbe ni ya kwetu. Baba yangu alikuwa anasema mbe."

"Mbe ni Kichaga, Papa. Muulize mtu yeyote sokoni."

"Weye ni Muhindi, unajua nini?"

Aliposema hivyo nilikasirika, nikafunga cherehani yangu nikaenda nyumbani mapema. Nyani haoni kundule, na sikio halijisikii. Lakini kesho yake nilirudi, na yeye akanimiminia chai, na mambo yakaendelea.

Hapo ndipo akaja Furaha. Alikuwa muuguzi kijana, ametoka Bukavu kwa mafunzo ya miezi michache, na alikuwa na kitenge anataka kishonwe gauni. Alipopanda ngazi akasema tu, "Jambo, papa," na Papa Bisimwa akainuka kwa kasi mpaka kopo la bobini za uzi likamwagika sakafuni. Akamwita mutoto yangu. Akamwuliza Kadutu bado iko vile, na soko, na ile barabara ya kuteremka ziwani. Alikuwa anaongea haraka, maneno yanapandana, sijawahi kumsikia hivyo. Mimi nimeinama naokota bobini, nasikiliza.

Nikaona kitu. Yule binti alikuwa anamjibu taratibu. Anachagua maneno, anayatamka moja moja, anatabasamu sana. Ndivyo ninavyowajibu watalii wanaouliza bei ya kanga.

Saa kumi ikafika. Papa Bisimwa akaongeza sauti ya redio kwa fahari, akamwekea Furaha kigoda. "Sikia. Kuna mutu ya kwetu mu redio." Papa Zozo akaanza. Furaha akasikiliza kidogo, akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka, si kwa ubaya, kicheko cha mtu aliyefurahi.

"Papa, uyu haiko mutu wa kwetu! Uyu ni Mutanzania, anaigiza. Lakini anaigiza muzuri. Mbe ni nini?"

Papa Bisimwa akapunguza sauti ya redio. Yule binti akataka kupoza mambo. Akamgusa mkono.

"Na weye papa unajikaza sana. Ulijifunza wapi Kiswahili ya kwetu? Uko karibu sawa mutu wa kule."

Gauni la Furaha mwenzangu alilishona vizuri kuliko nguo yoyote ya mwaka ule. Hakutaka malipo, na Furaha alipokuja kulichukua, Papa Bisimwa alikuwa ameniachia mimi nimkabidhi. Alikuwa amejificha uani.

Nilidhani ameelewa. Kumbe alikuwa anatafuta njia ya kutoelewa. "Uyu binti ni mutoto ya juzi," akaniambia. "Luga imebadilika kule. Miye na Primus tuko batu ya zamani. Yeye atanijua." Akanisihi nipige simu kwenye kituo cha redio nimtafutie anwani. Nikapiga, na kama nilivyotegemea, wakanijibu kuwa Primus anakaa Kilema, tukifika parokiani tuulize. Nikatumaini hilo litamaliza. Wapi. Aliunganisha viganja vyake kama anayeshukuru Mungu. "Naye alifikia Kilema! Kama miye!"

Jumapili tulipanda. Sikutaka aende peke yake. Kulikuwa na ukungu na matone yalikuwa yanadondoka kwenye majani ya migomba, na mimi na miguu yangu ya mjini niliteleza mara kadhaa kwenye utelezi wa njia. Parokiani mtu akatuelekeza: mteremko huu, vuka mfereji, kibandani penye ng'ombe mweusi. Papa Bisimwa alikuwa mbele yangu, shati limekunjwa kwenye mfuko wa kitambaa. Tulipovuka mfereji akaanza kupunguza mwendo. Penye mti mkubwa wa parachichi akasimama.

"Hii njia naijua," akasema.

"Unaijuaje?"

"Hapa ndipo nilikuwa naishi."

Hakuwa amefika pale tangu walipomzika mzee wa ile nyumba, miaka mingi iliyopita. Mama mmoja mzee akatoka jikoni anafuta mikono kwa khanga, akatuangalia, halafu akapiga ukelele. Alikuwa Mektrida, mwenye nyumba aliyempokea enzi zile. Alimkumbatia, akamshika mashavu, akamwambia amekonda, akaniambia mimi karibu mama karibu, akaita kwa sauti kuelekea kibandani. Akaja mwanamume wa miaka thelathini na kitu, amebeba majani ya ng'ombe. Akayatupa chini.

"Shikamoo, Papa!" akasema. "Hunikumbuki? Mimi Primus. Si mlikuwa mnaniita Padri Mdogo?"

Hapo hata mimi nilielewa, ingawa sikuwahi kumwona. Papa Bisimwa alishanisimulia habari za Padri Mdogo: mtoto wa nyumba ile aliyekuwa anavaa gunia mabegani na kumwigiza paroko akihubiri, mpaka paroko mwenyewe akaja kutazama. Jina la ubatizo hakulijua, au alilisahau.

"Aisee Papa, nimetamani uje siku nyingi," Primus alikuwa anasema, uso umewaka. "Waliponiambia wanataka Mkongo, wenzangu wote wakaanza kuiga nyimbo za bendi. Mimi nikafunga macho nikakukumbuka wewe, pale chumbani, na mimi chini ya meza yako nakuokotea pini. Ikatoka yenyewe! Producer akasema hii ni balaa. Sasa niambie ukweli. Nimepatia?"

Nikamwangalia Papa Bisimwa. Kijana wa watu alikuwa anauliza kwa moyo wote. Kwake ule ulikuwa mtihani, na mtu pekee wa kusahihisha alikuwa mbele yake.

"Umepatia," Papa Bisimwa akasema. "Umepatia yote."

Akatoa shati mfukoni, akampa. Primus akalivaa pale pale juu ya fulana yenye jasho la kazi. Lilimkaa vizuri mno, na Mektrida akapiga makofi.

Tukakaa ndani, tukaletewa mtori wa ndizi. Papa Bisimwa alikuwa ameshika bakuli bila kula. Mwishowe akaliweka chini akamgeukia Mektrida.

"Mama, ile mbe. Niliitoa wapi?"

"Mbe?" Mektrida akacheka. "Si tulikupa sisi! Nilikuwa nakufundisha umshukuru mzee wangu. Sema aika mbe, nikakwambia. Ukasema aksanti mbe. Basi, tangu siku hiyo hata mimi ukawa unaniambia mbe. Watoto wakawa wanacheka, nikawakanya."

"Kwa nini hukunisahihisha?"

Mektrida akaacha kucheka. "Ningekusahihishaje, mwanangu? Ndilo lilikuwa neno lako la kwanza."

"Mbele ya hapo nilikuwa nasema nini?"

"Hukuwa unasema kitu. Paroko alikuleta hapa umenyamaza. Unakula unanyamaza, unashona unanyamaza, usiku unalia unanyamaza. Tukadhani wewe ni bubu. Masika yote yakapita. Siku uliyosema mbe, mzee wangu alitoka nje akalia kule migombani."

Papa Bisimwa akainamisha kichwa. Nilikuwa naona midomo yake inatikisika, anatafuta. Alikuwa anatafuta jinsi baba yake alivyokuwa anashukuru, na hakuipata. Nilimwonea huruma mpaka nikachukia mtori, na mtori naupenda.

Wakati wa kuondoka Primus alitusindikiza mpaka kwenye mfereji. Akasema, kwa ile lafudhi, kwa nia njema tupu, "Kwenda salama, Papa Bisimwa." Alilitamka jina lile kwa namna ambayo sisi hatulitamki. Papa Bisimwa alisimama kidogo, ametugeuzia mgongo, kisha akaendelea kuteremka bila kugeuka. Alichokuwa anakitamani amekisikia, na kilikuwa ni sauti yake mwenyewe inarudi.

Jumatatu akaja kazini kama kawaida. Nikampa chai.

"Asante," akasema.

Nikadhani nimesikia vibaya. Mchana nikampa kipande cha chapati. "Asante, Mama Swaleh." Na h yangu mwishoni, safi, kama msoma taarifa ya habari. Wateja walikuja, hebu sema watoto, Papa. Akasema watoto. Wakasubiri, wakaona hakuna kinachofuata, wakachukua nguo zao. Batu hakuna, fasi hakuna, mbe hakuna. Alikuwa anachukua kila neno anaangalia kama lina doa ndipo alitoe, na kwa sababu hiyo akawa anatoa machache sana. Siku nyingine tulishona tangu asubuhi mpaka jua likaondoka barazani na sikusikia chochote ila ule mguu.

Sijui kama umewahi kukaa karibu na mtu aliyejifungia ndani ya ukimya. Ni kama nyumba ya jirani ambayo zamani ilikuwa na watoto. Nilikuwa nikirudi kwangu jioni nafungua redio na televisheni vyote pamoja, na bado nasikia kimya. Nilikuwa namkosa mtu aliyekuwa amekaa pembeni yangu. Nilimkosa sana, na nasema hivyo waziwazi, mtaa useme utakavyo.

Redio yake haikuwashwa tena. Lakini fundi wa viatu jirani yetu anayo yake, na saa kumi haina mlango. Ikaja siku ambayo Papa Zozo alikuwa anaaga. Watunzi walikuwa wamemchoka, nadhani, au Primus amepata nafasi nyingine. Wakaamua arudi kwao. Wapangaji wote wakalia. Papa Zozo akafunga mzigo wake wa vitenge akasema, "Bakieni muzuri, batu ya hapa. Miye naenda ku nyumbani. Aksanti kwa yote, mbe." Muziki ukapigwa. Tangazo la sabuni likafuata.

Nikamtazama Papa Bisimwa. Alikuwa amesimamisha mguu, amelaza viganja vyake juu ya kitambaa. "Yeye ameenda," akasema. Akaanza tena kushona.

Nilitaka kumpigia Primus nimwambie apande gari aje aongee na huyu mzee, hata mara moja kwa wiki. Nikashika simu, nikaiweka chini. Primus angekuja, moyo anao. Lakini angekuja kuigiza, na Papa Bisimwa angejua, na angemsifu, na angebaki na kimya kile kile. Halafu nikajiuliza: huyo Primus aliisikia lugha hii miaka michache tu, utotoni, chini ya meza. Mimi nimeisikia kuliko binadamu yeyote aliye hai. Nimeitwa nayo, nimegombezwa nayo, nimetukanwa nayo Uhindi. Tatizo ni kwamba mimi na kuigiza ni mbalimbali. Shuleni walinipa nafasi ya mti kwenye igizo nikaikosea.

Usiku nilijaribu mbele ya kioo. Mjukuu wangu Shani akauliza bibi anaumwa nini. Nikamfukuza akalale.

Asubuhi nilipofika alikuwa ameshafungua, amepiga pasi suruali mbili, ananimiminia chai kwa zamu yake. Akanisogezea kikombe. Nikakishika. Nikasema:

"Jambo yako, Papa. Umelala muzuri? Miye... miye niko nasikia muzuri ku... ku baraza. Aksanti, mbe."

Ilikuwa mbaya. Naapa ilikuwa mbaya kuliko Mhindi wa redio. Nilivuta pasipovutwa, nikakata pasipokatwa, na ile miye ilitoka kama paka. Mteja aliyekuwa ngazini akageuza uso pembeni. Kwa watu wa Kilema, hata hivyo, sikuwa nimekosea kitu, maana nilikuwa namshukuru mwanamume.

Papa Bisimwa akaweka birika chini bila kunitazama, nikaogopa kwamba nimemkosea, kwamba nimekuwa mmoja wa wale wa hebu sema watoto. Nikataka kuomba radhi. Akainua kidole.

"Mubaya," akasema. "Mubaya sana, Mama Swale."

Akakaa kwenye cherehani yake, akapitisha uzi, akaweka mguu wake mahali pake.

"Rudiya," akasema. "Rudiya pole pole, mbe."